Jinsi ya kupika vitumbua vya bibi wakati bibi hakuacha vipimo

Kwanza niseme hii sio resipi ya vitumbua tu, hizo ziko nyingi na nyingine nzuri kuliko hii yangu. Hii ni kwa yule mtu ambaye ameshapika vitumbua vimeumuka vizuri, watu wamekula wamesifia, ila mwenyewe amekaa na kitumbua mkononi anajiuliza mbona sivyo. Yaani vitamu ila sio vile. Mi nilikuwa huyo mtu kwa miaka kama mitatu.

Bibi yangu alikuwa anakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na asubuhi alikuwa anauza vitumbua pale pantoni inaposhushia watu. Sisi tulikuwa tunatoka Dar likizo ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, tunalala wajukuu sita kwenye mkeka mmoja, na kinachotuamsha sio jogoo wala adhana, ni harufu. Harufu ina mambo yake jamani, ikishaingia puani njia yake kwenye ubongo iko jirani kabisa na zile sehemu zinazotunza kumbukumbu na hisia, ndo maana unaweza kupita mtaani Kariakoo ukanusa kitu sekunde moja tu ukajikuta una miaka saba na huna hata viatu. Sasa kazi yetu hapa ni kuirudisha hiyo harufu kwa makusudi, na inawezekana, ila usianzie jikoni.

Anzia kwenye simu. Tafuta mtu aliyekuwa anamsaidia bibi, sio aliyekuwa anakula tu. Wanaokula wanakumbuka utamu, wanaosaidia wanakumbuka kazi, na kazi ndo resipi yenyewe. Kwangu mimi ni shangazi, yule wa mwisho kuolewa. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Shangazi hivi bibi kwenye vitumbua sukari alikuwa anaweka kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ndo kiasi gani?"

"We onja, ikitosha si utaijua."

Mazungumzo yakaishia hapo, nikakata simu nimekasirika kabisa. Kosa lilikuwa langu. Huwezi kumuuliza mtu vikombe na gramu wakati hajawahi kupima kwa vikombe wala gramu, ni sawa na kumuuliza mvuvi bahari ina lita ngapi. Muulize vyombo. Nilipopiga tena wiki iliyofuata nikauliza alikuwa anapimia nini mchele, akajibu bila hata kufikiri, "Si lile kopo la Blue Band lililobonyea ubavuni, mbona lipo hapa naweka chumvi." Kopo lipo! Miaka yote nahangaika na vipimo vya mitandaoni kumbe kipimo cha bibi kiko Bweni kimejaa chumvi. Nikamwomba alijaze maji kisha amimine kwenye chupa ya nusu lita, likaijaza karibu yote. Basi nusu lita, yaani vile vikombe viwili vya kawaida vya kupimia, kwa mchele ni kama gramu 400 na kitu. Makopo matatu kwa siku ya kawaida, manne siku ya Ijumaa.

Swali la pili la kuuliza ni alinunua nini na kwa nini, hapa mambo yanafunguka. Nilikuwa nanunua mchele mzuri wa Kyela, mrefu, unanukia, nikiamini bibi anastahili kitu bora. Shangazi akacheka sana. Bibi alikuwa anatumia chenga. Zile punje zilizovunjika mashineni ambazo bei yake iko chini, na alizipenda sio kwa sababu ya utamu, ni kwa sababu faida ya kitumbua ni ndogo na mchele mzima ungeimaliza. Sasa ukweli ni kwamba chenga zinaloana haraka na zikitwangwa zinatoa unga ambao haulingani, mwingine laini mwingine kama mchanga, na ule mchanga mchanga ndo nilikuwa naukosa kwenye vitumbua vyangu vya blenda vilivyolainika kama keki ya dukani. Kwa hiyo nunua chenga, hata ukiwa na hela.

Swali la tatu, na hili ndo lililonimaliza kabisa. Usiulize "aliacha unga uumuke muda gani". Uliza "alikuwa anafanya nini saa hiyo". Shangazi akaanza kunihadithia siku nzima, kwamba bibi akitoka shamba mchana analoweka chenga, akishaswali isha wanatwanga kwenye kinu yeye na mama mdogo wakipokezana michi, wanachekecha, anakoroga na tui jepesi na hamira kidogo sana anafunika na kawa analala, alfajiri anaamka anaongeza tui zito na sukari ndo anakoka moto. Unaona? Ule unga ulilala usiku kucha. Resipi zote nilizosoma zinasema saa moja, weka hamira kijiko kizima, umuke upike. Vinaumuka ndiyo, ila ule uchachu mdogo nyuma ya utamu, ule unaokufanya uchukue cha pili kabla hujamaliza cha kwanza, hauji kwa saa moja. Unakuja kwa kulala. Na kabla ya hamira ya dukani kuzoeleka wazee wa pwani walikuwa wanaumulia kwa tembo la mnazi, ila kwetu bibi hakuwa anataka hata kulisikia hilo.

Haya, twende jikoni sasa.

Chukua chenga nusu lita, peta, osha mpaka maji yatoke safi, loweka kuanzia mchana. Jioni chuja. Ukiwa na kinu na mtu wa kupokezana naye twanga, lakini najua wengi wenu mko ghorofani na jirani wa chini atakuja na ugomvi, basi tumia blenda ila usisage mpaka iwe losheni. Weka tui jepesi kidogo tu la kusaidia visu vizunguke, saga, simama, chovya kidole usugue na cha gumba, ukihisi chengachenga kama mchanga laini wa ufukweni acha hapo hapo. Unga wa mchele wa pakiti usijaribu, mi nilijaribu mara ya kwanza vikatoka vigumu mtoto wangu akauliza kama ni vya kuchezea.

Nazi moja kubwa, iliyokomaa, ukiitikisa usikie maji. Kuna kwa mbuzi kama unayo. Kama hujawahi kukalia mbuzi tangu utotoni nakushauri ukalie hata mara moja kwa ajili ya zoezi hili, maana ile sauti ya krr krr krr ni nusu ya kumbukumbu, mi niliposikia nikamkumbuka bibi alivyokuwa anatuambia tusile machicha tutaumwa tumbo huku yeye mwenyewe anatafuna. Kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui la kwanza ambalo wengine wanaita kasimile liweke freji mpaka asubuhi, bibi hakuwa na freji ndo maana alikuwa anaacha nazi yake ya asubuhi haijavunjwa kabisa. La pili lile jepesi ndo la kusagia na kukorogea usiku. Mlioko Muscat au Toronto au huko kwingine tumieni la kopo, la usiku mlipunguze na maji nusu kwa nusu, halitakuwa lenyewe ila litakaribia.

Hamira weka robo ya kijiko cha chai. Narudia, robo. Usiku mzima ni mrefu, hamira ikizidi utakuta asubuhi bakuli limefurika mezani na harufu kama pombe. Joto la Dar au Tanga robo inatosha kabisa, Arusha au Mbeya mwezi wa saba weka nusu na uweke bakuli sehemu ya joto. Sukari isiingie usiku. Ikiingia usiku hamira inaila yote halafu asubuhi unaongeza tena, hasara tu.

Asubuhi utakuta umepanda una vitundu juu na unanukia uchachu kwa mbali. Ongeza tui zito polepole, sukari kama nusu kikombe (bibi alikuwa anaweka pungufu ya hapo maana sukari ilikuwa ghali, nimepima ladha na shangazi amekubali), chumvi ya kubana vidole viwili, na iliki. Iliki nunua ya maganda, usinunue ya unga, ile ya unga ikishakaa dukani inabaki jina tu. Punje nane mpaka kumi, menya, twanga na sukari kidogo ili isiruke. Ya kwetu ilikuwa inatoka milimani Usambara, kule Amani watu wanailima, na bado ukienda Muheza unaipata. Koroga mpaka uwe kama uji mzito, ukiuchota na upawa unateleza haukatiki. Acha nusu saa wakati unakoka moto.

Moto. Hapa nina ugomvi na watu wa gesi, samahani. Mara ya tatu nilipopika nilikuwa na kila kitu, chenga, uchachu, iliki, kopo la Blue Band mpaka nililetewa, na bado. Nikakaa nikafikiria harufu ya asubuhi ile ilikuwa na nini kingine, na jibu halikuwa kwenye bakuli. Lilikuwa chini. Bibi alikuwa anapikia vifuu na makumbi ya nazi kwa sababu ndo kuni za bure, nazi ikishakunwa kifuu kinaenda jikoni. Moshi wa kifuu una utamu wake, una mafuta, unaingia kwenye kitumbua na kwenye kanga na kwenye nywele za bibi. Harufu ya bibi yangu, ile ambayo ukimkumbatia unaikuta shingoni, ilikuwa ni moshi wa vifuu. Basi mara ya nne nikaweka jiko la mkaa kibarazani nikatupia vifuu viwili. Mke wangu alitoka ndani akanikuta nimesimama tu na upawa, unga unanidondokea mguuni, akauliza kuna nini nikasema moshi umeniingia machoni.

Tahadhari, moshi na mkaa ni nje tu au sehemu yenye hewa, usiwashe jiko la mkaa ndani ukafunga madirisha, hilo linaua kabisa. Kama hauna pa kuwekea pikia gesi, halafu weka kipande cha kifuu kinachofuka kwenye kitezo karibu na dirisha kama unavyofukiza udi. Inasaidia zaidi ya unavyodhani.

Chuma cha vitumbua kikiwa kipya kitakudhalilisha, unga utaganda kila shimo na utalia. Kioshe, kipashe moto, kipake mafuta kiungue kidogo, kipoe, rudia mara tatu nne, bibi alikuwa anakaangia machicha ndani yake kwanza mpaka yawe meusi anayatupa. Cha zamani usikisugue na stili waya. Mlioko nje na hamna chuma, tafuteni ile sufuria ya Kihindi ya mashimo wanayoita appe, maduka ya Wahindi wanauza, au ile ya Wadenmaki ya æbleskiver, mashimo yake yanafanana kabisa.

Mafuta kidogo kila shimo, yakianza kucheza mimina unga robo tatu ya shimo usijaze. Usikae unakichokoa kila sekunde. Subiri kingo zikauke na vitundu vifunguke juu, ndo geuza. Na cha kugeuzia tusaidiane hapa, kuna wanaotumia kijiti, kuna wanaotumia uma, bibi alikuwa anatumia spoku ya baiskeli. Spoku moja, imekunjwa kidogo nchani, ilitoka kwenye Phoenix ya babu ilipokufa ringi ya nyuma. Babu alikuwa hapiki wala haingii jikoni lakini kila kitumbua kilichouzwa pale pantoni kiligeuzwa na kipande cha baiskeli yake. Fundi baiskeli yeyote atakupa spoku kwa hela ndogo, iunguze kwenye moto, isugue, ikunje ncha. Inafika chini ya kitumbua kuliko kijiti chochote.

Kitumbua cha kwanza kitaharibika. Usihangaike. Bibi alikuwa anasema cha kwanza ni cha chuma, cha chuma maana yake sisi wajukuu, tunagawana sita kile kimoja kilichochanika, kila mtu kipande cha kidole. Nusu lita ya chenga itakupa kama 25 hivi kutegemea mashimo yako.

Sasa kuna kitu kitakusumbua na afadhali nikwambie mapema, vitakuwa vidogo. Mimi nilikuwa nakumbuka vitumbua vya bibi vilijaa mkono mzima. Shangazi alipokuja Dar na kile chuma cha bibi kwenye mfuko wa Rambo nikakilinganisha na changu, mashimo ni yale yale. Kilichokuwa kidogo ni mkono. Kwa hiyo usiende kutafuta chuma kikubwa kama mimi nilivyofanya, nilizunguka hadi Gerezani kwa mafundi wanaosubu vyuma.

Namna ya kula nayo ina kazi yake. Usiweke mezani na sahani na uma. Tandika mkeka, kaa chini, chai iwe ya rangi yenye mchaichai na sukari ya kutosha (ona sasa na mimi nasema ya kutosha), na kama kuna ndugu mliyelala naye mkeka mmoja zamani mwite, au mpigie video. Binamu yangu yuko Oman, nilimpigia nikamwonyesha tu bakuli na moshi, hakuongea, akakata, baadaye akatuma meseji "we mshenzi kweli". Kisha rekodi sauti za wazee wakati wanabishana juu ya ladha maana watabishana tu, mama yangu anasema iliki ilikuwa nyingi zaidi, shangazi anasema wifi yake alikuwa Dar ataijulia wapi, na katikati ya ubishi huo ndo zinatoka hadithi ambazo ukiuliza moja kwa moja hupewi.

Kama bibi yako sio wa vitumbua njia ni ile ile. Wa Upareni muulizie makande yalikuwa yanainjikwa saa ngapi na nani alikuwa anaangalia moto, wa Moshi muulizie mtori ulipondwa na nini na ndizi zilitoka kwenye mgomba gani nyuma ya nyumba. Ila kwa wa kisamvu nina neno moja. Majani ya muhogo yana sumu ya asili aina ya sianidi, na kule kutwanga sana na kuchemsha muda mrefu bila kufunika ndo kunaiondoa, haikuwa mikogo ya wazee. Kwa hiyo ukikuta hatua ndefu kwenye mapishi ya bibi na huelewi ni ya nini usiiruke eti kuokoa muda, uliza kwanza.

Vikibaki usivirudishe kwenye mafuta vitakuwa kama sponji. Funika na kitambaa, kesho yake pasha kwenye kikaango kikavu moto mdogo mpaka ganda likauke tena, vinakuwa vigumu kidogo nje na uchachu umeongezeka, na kwa kahawa chungu ni balaa. Babu alikuwa anakula vya jana tu, barazani na kikombe chake, hata siku moja sikumwona na cha moto. Sisi watoto tulikuwa tunasema babu hapendi vya moto. Juzi nikamwambia shangazi nimepasha vya jana nakula kama babu alivyokuwa anapenda, akanyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema, "Nani kakwambia alikuwa anavipenda? Vya moto vilikuwa vya kuuza."